Mtoto Anaporudia Swali Lilelile: Namna ya Kumjibu

Umeinama unapalilia pamba, mgongo unauma, na mtoto wako wa miaka mitatu amekaa kivulini pembeni ya shamba. "Mama, baba yuko wapi?" Unamjibu kwamba amekwenda Bariadi. Anakaa kimya kidogo, anachezea udongo, kisha anauliza tena: "Mama, baba yuko wapi?" Unamjibu. Kabla hujamaliza mstari mmoja wa palizi, swali limerudi mara ya tano.

Akina mama na walezi wengi wa Simiyu wanaijua hali hii, iwe ni shambani Meatu, sokoni Bariadi au kando ya ziwa kule Busega. Wengine hucheka, wengine hujibu kwa ukali, na wengine huanza kuingiwa na wasiwasi: "Mtoto huyu ana nini? Mbona haelewi?"

Kwa watoto wengi wa kati ya miaka 2 na 5, kurudia swali si ukaidi, si ukosefu wa adabu na si ugonjwa. Ni njia wanayotumia kujifunza na kujituliza. Katika makala hii utasoma kwa nini mtoto hurudia swali, namna ya kumjibu bila kuacha kazi zako, maneno ya kuepuka, na dalili chache zinazotakiwa kukupeleka kliniki.

Kwa nini anauliza tena na tena?

Swali moja linaweza kuwa na sababu tofauti. Ukiijua sababu, jibu linakuwa rahisi.

*Anaimarisha anachokijua.* Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa sana katika miaka ya mwanzo. Afikapo miaka 3, umefikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Lakini kumbukumbu yake bado ni changa. Anahitaji kusikia jambo mara nyingi ndipo likae. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walieleza mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka 3 waliosomewa hadithi ileile mara kadhaa walijifunza maneno mapya vizuri zaidi kuliko waliosomewa hadithi tofauti tofauti. Kwa hiyo mtoto anayetaka jibu lilelile anafanya kama wewe ulivyofanya ulipojifunza kusonga ugali: hukujua kwa siku moja.

*Hajui muda.* Ukimwambia "baba atarudi kesho" au "tutakwenda wiki ijayo", kwake hayo ni maneno matupu. Hajui kesho iko mbali kiasi gani. Anauliza tena ili aone kama kesho imeshafika.

*Hukujibu alichouliza.* Mtoto wa miaka mitatu bado hana maneno ya kutosha. Anaweza kusema "Baba yuko wapi?" akimaanisha "Baba atarudi kabla sijalala?" Ukimpa jibu la mahali, naye alitaka jibu la muda, atauliza tena. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha jambo hili wazi: watoto wadogo wakipewa maelezo waliyoyataka, hukubali au huuliza swali linalofuata. Wakipewa jibu lisiloeleza chochote, hurudia swali lao la kwanza.

*Ana hofu.* Maswali kama "Mbwa yuko wapi?" au "Utaondoka?" mara nyingi ni ya kutafuta usalama. Hapo mtoto anataka kusikia sauti yako ikimhakikishia kwamba mambo ni salama.

*Anataka mazungumzo.* Swali ndilo mlango anaoufahamu wa kuingia katika mazungumzo na wewe. Jibu analijua tayari. Anachokitafuta ni wewe.

Kama unaona maswali ya mtoto wako yamezidi, hauko peke yako. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 uliwahesabia watoto wadogo, na ukakuta kwamba wanapozungumza na mtu mzima, huuliza kwa wastani zaidi ya maswali 70 ya kutaka kujua jambo katika saa moja. Hicho ni kiwango cha kawaida cha mtoto mwenye afya.

Hatua nne za kumjibu

Huhitaji kuwa mwalimu, wala huhitaji kuacha kazi. Hatua hizi huchukua chini ya dakika moja.

1. *Mwonyeshe kwamba umemsikia.* Mtazame, hata kwa sekunde chache. Kama mikono ina kazi, mwite kwa jina lake au sema, "Naam, nimekusikia." Mtoto asiyejua kama amesikika huongeza sauti na kurudia.

2. *Jibu kwa ufupi, kwa ukweli, na kwa maneno yaleyale.* Sentensi moja au mbili zinatosha. Ukibadilisha jibu kila mara, leo "amekwenda Bariadi", baadaye "yuko njiani", kisha "sijui", unampa kazi mpya ya kuchambua. Jibu lisilobadilika humtuliza.

3. *Akirudia mara ya tatu, mrudishie swali kwa upole.* "Wewe unakumbuka nilikuambia baba yuko wapi?" Mara nyingi atajibu mwenyewe, tena kwa furaha. Hapo ndipo unapojua kama ameelewa, na pia kama ameelewa vibaya.

4. *Mpe kitu cha kushika au cha kufanya.* "Baba atarudi jua likizama. Hebu niletee kile kikapu, tuchambue mboga tukimsubiri."

Mazungumzo yenu yanaweza kuwa hivi:

"Mama, baba yuko wapi?"
"Amekwenda Bariadi kununua mbegu. Atarudi jua likizama."
"Mama, baba yuko wapi?"
"Bariadi, kununua mbegu. Atarudi jua likizama."
"Baba yuko wapi?"
"Hebu niambie wewe. Baba amekwenda wapi?"
"Bariadi."
"Umekumbuka! Na atarudi lini?"
"Jua likizama."

Umetumia sentensi chache tu, na mtoto amefanya mazoezi ya kukumbuka, ya lugha na ya kusubiri.

Mfundishe muda kwa mambo anayoyaona

Kwa kuwa maswali mengi ya kurudia yanahusu "lini", achana na saa na tarehe kwa sasa. Tumia mambo anayoyaona kila siku: "Tukishakula mchana." "Ng'ombe wakirudi zizini." "Tukilala, tukaamka, tukanywa uji, ndipo tunakwenda kwa bibi."

Kwa safari iliyo mbali kidogo, tumia mawe. Kama zimebaki siku tano mwende kuangalia maonyesho ya Nanenane katika viwanja vya Nyakabindi, weka mawe matano makubwa mlangoni. Hakikisha ni makubwa kiasi kwamba hawezi kuyameza. Kila asubuhi mtoto aondoe moja. Akikuuliza "tunakwenda leo?", mwelekeze kwenye mawe: "Hebu tuangalie yamebaki mangapi." Ataanza kujijibu mwenyewe, na bila kujua anajifunza kuhesabu.

Usiahidi usichoweza kutimiza. Kama hujui baba atarudi lini, sema hivyo: "Sijui siku atakayorudi. Nikijua, nitakuambia wewe kwanza." Mtoto huvumilia "sijui" ya kweli kuliko "kesho" isiyofika.

Maswali manne yanayohitaji uangalifu

*"Chupa hii ina nini?"*
Katika familia zinazolima pamba, dawa za kupulizia wadudu mara nyingi hupita mikononi mwa wazazi mbele ya macho ya mtoto. Anapouliza, usimwambie "hakuna kitu" wala "ni dawa". Neno "dawa" analijua: ni kile anachonyweshwa akiumwa. Sema: "Hii ni sumu. Ukiigusa au ukiinywa utaumia sana. Ukiiona, usiguse, niite." Swali hili likirudi mara mia, lijibu mara mia kwa maneno hayohayo. Ni moja ya maswali ambayo kurudiwa kwake kunaweza kuokoa maisha.

Hata hivyo, maneno pekee hayatoshi kwa mtoto wa umri huu. Funga sumu mahali asipofika. Usiihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji, na usitumie kopo lake kuwekea maji, mafuta wala unga. Ikitokea mtoto amekunywa, usimlazimishe kutapika. Mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, na uende na kopo au karatasi yake ili mhudumu ajue ni sumu gani.

*"Bibi yuko wapi?" (bibi akiwa amefariki)*
Wengi wetu, kwa huruma, husema "bibi amelala" au "bibi amesafiri". Maneno haya huleta tatizo. Mtoto aliyeambiwa bibi amelala anaweza kuogopa kulala, au kuogopa wewe ukilala. Aliyeambiwa amesafiri ataendelea kumngoja kila gari likisimama. Sema kwa upole: "Bibi amefariki. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hali chakula, wala hasikii maumivu. Hatarudi, lakini sisi tunamkumbuka na tunampenda." Kama familia yenu ina imani ya dini, ongeza maneno ya imani yenu baada ya kumweleza kwamba bibi hatarudi.

Atauliza tena kesho, na kesho kutwa. Si kwamba hana huzuni, wala si kwamba anakuchokoza. Mtoto wa umri huu hawezi kuelewa kwa mara moja kwamba kifo ni cha moja kwa moja. Kila anapouliza anapokea sehemu ndogo ya habari hiyo. Ukilia wakati unamjibu, mwambie, "Nalia kwa sababu namkumbuka bibi. Si kosa lako."

*"Baba yuko wapi?" (baba akiwa hayupo nyumbani)*
Kama yuko mbali kikazi, taja mahali na kazi: "Yuko Mwanza, anafanya kazi ya ujenzi." Kama mmetengana, usimseme vibaya mbele ya mtoto. "Baba anaishi kwingine. Wewe huna kosa lolote. Mimi niko hapa, na bibi yuko hapa." Watoto wadogo hudhani kwamba mambo mabaya yametokea kwa sababu yao. Maneno "huna kosa" yarudie hata kama hajauliza.

*"Mtoto anatoka wapi?"*
Ukiwa na mimba, swali hili halikwepeki. "Mtoto anakua ndani ya tumbo la mama. Siku ikifika, atazaliwa, wahudumu watatusaidia hospitalini." Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne hilo linatosha. Usimwambie watoto hununuliwa. Tumia pia nafasi hii kumfundisha majina sahihi ya sehemu za mwili wake, na kwamba mtu akimgusa sehemu za siri aje kukuambia.

Usimnyamazishe kwa vitisho

Ukiwa umechoka, ni rahisi kusema: "Nyamaza, la sivyo daktari atakuchoma sindano." Swali linakoma kweli. Lakini siku ya kliniki ikifika, mtoto huyo atapiga kelele kuanzia getini, na utapata shida kumpa chanjo au kumpima uzito. Umemfundisha kwamba anayemtibu ni adui.

Kuna pia "Nyamaza, fisi atakula." Katika baadhi ya vijiji vya Simiyu fisi si hadithi. Ni hatari ya kweli, na mtoto anatakiwa kuonywa asitoke nje peke yake giza likiingia. Ndiyo sababu neno hili linahitaji kutunzwa. Ukilitumia kwenye kuoga, kwenye kula na kwenye maswali, mtoto atagundua kwamba fisi haji. Siku utakayosema "ingia ndani, fisi", neno lako halitakuwa na uzito.

Tatizo la kofi na matusi ni kubwa zaidi. Mtoto anayepigwa kwa kuuliza hujifunza jambo moja: kumwambia mama jambo ni hatari. Anaacha kuuliza kuhusu mwezi na ng'ombe. Pia anaacha kusema kwamba sikio linauma, kwamba amemeza kitu, au kwamba kuna mtu mzima aliyemfanyia jambo baya na kumwambia asiseme. Mtoto aliyezoea kujibiwa ana mahali pa kupeleka habari mbaya. Huu ni ulinzi ambao hakuna mlango wala kufuli linaloweza kuuleta.

Ukiwa na wasiwasi kwamba mtoto, wako au wa jirani, anafanyiwa ukatili, unaweza kupiga simu bure namba 116, ambayo ni namba ya msaada kwa mtoto nchini Tanzania. Unaweza pia kwenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Je, kumjibu sana hakumwondolei adabu?

Hili ni swali la haki, na wazee wengi huliuliza. Kwetu mtoto hufundishwa kusalimia, kusikiliza na kutowakatiza wakubwa. Hayo ni mafunzo mazuri, na kujibu maswali hakuyafuti.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwaangalia watoto wa miaka 3 hadi 5 katika jamii nne duniani, mojawapo ikiwa ya Wamaragoli wa magharibi mwa Kenya, kwa kumbukumbu zilizochukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Watoto hao waliuliza maswali mengi kama watoto wa nchi za Magharibi: nini, wapi, nani. Kilichokuwa kichache ni swali la "kwa nini". Hilo halimaanishi kwamba watoto wa Afrika Mashariki hawana udadisi. Watoto hujifunza haraka ni maswali gani yanapokelewa nyumbani kwao na yapi hayapokelewi.

Sasa watoto wetu wanaingia darasa la awali, ambako mwalimu atawauliza "kwa nini". Aliyezoea kuuliza na kueleza nyumbani atakuwa na pa kuanzia.

Na si jambo geni kwetu. Jioni tukitegeana vitendawili, mmoja anatega na mwingine anategua: hayo ni maswali na majibu. Wasukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni ambako wazee walikaa na vijana, wakawasimulia na kuwafunza. Unaweza kumfundisha mtoto adabu na udadisi kwa pamoja: "Mama anazungumza na mgeni. Nishike mkono, subiri. Nikimaliza nitakusikiliza." Kisha, na hili ndilo muhimu, ukimaliza umgeukie: "Haya, ulikuwa unauliza nini?" Mtoto anayejua kwamba zamu yake itafika hujifunza kusubiri.

Kisukuma au Kiswahili?

Mjibu kwa lugha unayoizungumza vizuri zaidi. Akikuita "mayu" na kukuuliza kwa Kisukuma, mjibu kwa Kisukuma bila wasiwasi. Kukua na lugha mbili hakumcheleweshi mtoto kusema wala hakumchanganyi akili. Anaweza kuchanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja. Hilo ni la kawaida na hupungua lenyewe. Ukimjibu kwa lugha usiyoimudu, utampa majibu mafupi na maneno machache.

Siku yenye kazi nyingi

Kuna siku za palizi, siku za kuvuna, siku za kupeleka pamba kwenye mizani, na siku ambazo maji yako mbali. Hakuna anayeweza kujibu kila swali. Haya yanasaidia:

- *Weka wakati wa maswali.* Kumwogesha, kumlisha, kutembea kwenda kisimani au kumenya viazi vya michembe: hizo ni nyakati ambazo mko pamoja na mdomo hauna kazi. Mwambie, "Tukienda kisimani utaniuliza yote."
- *Washirikishe wengine nyumbani.* Kubalianeni jibu moja kwa maswali makubwa, ili bibi asiseme hivi na shangazi vile. Dada au kaka mkubwa anayebaki na mtoto afundishwe pia namna ya kumjibu, na asiachiwe mzigo wote. Naye bado ni mtoto.
- *Mhusishe baba.* Mtoto anahitaji kusikia maelezo ya baba pia. Dakika kumi za jioni, baba akiwa amekaa na mtoto badala ya kukaa na simu, ni msaada kwa mtoto na ni pumziko kwa mama.
- *Funga kwa upole.* Umejibu mara tano na umechoka? Sema: "Jibu langu ni lilelile. Sasa mama ananyamaza kidogo. Njoo ukae karibu nami." Kufunga mazungumzo kwa sauti ya utulivu ni jibu pia.

Hii ndiyo maana ya "malezi yenye mwitikio" unayoisikia kwa wahudumu wa afya. Ni moja ya mambo matano yaliyomo katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto kuanzia kuzaliwa hadi miaka 8. Mengine ni afya bora, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mwitikio ni kuona ishara ya mtoto, kuielewa, na kuijibu. Hauhitaji fedha.

Lini umpeleke kliniki?

Kurudia maswali peke yake si ugonjwa. Lakini angalia dalili hizi:

- *Anauliza "nini?" kila unapomsemesha, au haitiki ukimwita akiwa amekupa mgongo.* Huenda hasikii vizuri. Simama nyuma yake hatua chache, mahali asipokuona, umwite kwa sauti ya kawaida. Rudia siku nyingine. Kama hageuki, mpeleke akapimwe masikio.
- *Sikio linatoa usaha au maji, au mtoto huvuta sikio na kulia.* Usiweke mafuta, majani wala maziwa sikioni. Maambukizi yasiyotibiwa yanaweza kuharibu usikivu.
- *Anarudia maneno yako kama mwangwi.* Unamuuliza "Unataka uji?" naye anasema "Unataka uji?", bila kuonyesha kama anautaka. Kwa mtoto wa miaka 2 hilo hutokea wakati anajifunza kusema. Likiendelea baada ya miaka 3, hasa kama hakutazami usoni, hanyooshi kidole kukuonyesha kitu au haitiki jina lake, mpeleke akachunguzwe.
- *Ana mwaka mmoja na nusu na hana neno hata moja, au ana miaka 2 na hawezi kuunganisha maneno mawili kama "mama njoo".*
- *Hauulizi wala kuonyesha kutaka kujua chochote.* Ukimya wa aina hii huonekana kama utulivu, lakini unahitaji kuangaliwa kuliko wingi wa maswali.
- *Alikuwa anasema, sasa ameacha.* Mtoto aliyepoteza maneno au ujuzi aliokuwa nao apelekwe mapema, hasa kama aliugua malaria kali, homa ya uti wa mgongo au alipata degedege.
- *Maswali ya hofu yameongezeka ghafla*, na pamoja nayo amerudia kukojoa kitandani, anakataa kula, au anamkwepa mtu fulani. Keti naye mahali patulivu, msikilize, na utafute msaada.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, na uende na kadi yake ya kliniki. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kukuelekeza. Mkihitaji uchunguzi zaidi, mtapewa rufaa hadi hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bariadi. Usingoje uambiwe "atabadilika akikua". Tatizo la kusikia au la kusema likigunduliwa mapema, mtoto husaidika zaidi.

Na wewe mlezi, je?

Kuna tofauti kati ya kuchoka jioni na kuchoka kila siku kuanzia asubuhi. Ukiona kwa wiki mbili au zaidi unalia bila sababu, hulali hata ukipata nafasi, hakuna kinachokufurahisha, au kila swali la mtoto linakutia hasira ya kutaka kumpiga, mweleze muuguzi. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni, na unatibika.

Ukihisi hasira inapanda sasa hivi, muweke mtoto mahali salama, sogea hatua chache, vuta pumzi ndefu mara tano, kunywa maji, kisha rudi. Na kama umeshamfokea, mwambie: "Nilikukaripia kwa sauti kubwa. Nilikuwa nimechoka. Uliza tena, nitakujibu." Hutapoteza heshima yako kwake.

Kipindi hiki cha swali lilelile hupita. Kadiri maneno yake yanavyoongezeka na kumbukumbu inavyokomaa, "wapi" na "nini" vitapungua, na "kwa nini" itachukua nafasi yake. Usiku wa leo, mkishakula, mpe nafasi aulize swali moja, na umjibu mpaka aridhike.